Mayai Kutoka Bandani Hadi Mgahawani: Kanuni za Mfugaji Mdogo Anayewauzia Wafanyabiashara wa Eneo Lake

Makala ya ufafanuzi kwa mazoezi ya ufahamu, ufupisho na utungaji, Kidato cha Nne

Baada ya kusoma makala haya, mtahiniwa uweze:
(a) kutofautisha sheria, kanuni na sheria ndogo kwa kutumia mifano;
(b) kueleza kanuni zinazomhusu mfugaji mdogo anayeuza mayai;
(c) kukokotoa mauzo na gharama za mradi mdogo wa kuku wa mayai;
(d) kujibu maswali ya ufahamu na kuandika barua rasmi inayotokana na mada hii.

1. Utangulizi

Ukitoka Michenga asubuhi kuelekea mjini Ifakara, huwezi kukosa kumwona mwendesha bodaboda aliyefunga trei za mayai nyuma ya pikipiki yake. Mayai hayo yana wenyewe. Mengine yanakwenda kwa wauza chipsi, mengine kwa mama lishe, mengine kwenye migahawa, maduka na bekari. Nyuma ya kila trei kuna kaya ambayo labda ina kuku 30, labda 100, na mara nyingi kuna mwanafunzi wa sekondari anayeokota mayai hayo kabla ya kwenda shule. Inawezekana mwanafunzi huyo ni wewe.

Watu wengi hudhani kwamba sheria za chakula zinawahusu wenye viwanda na mashamba makubwa tu. Si kweli. Ukimuuzia jirani yai moja la kumpikia mtoto wake, mtu mmoja ndiye atakayelila. Ukimuuzia mwenye mgahawa trei moja, umewalisha watu 20 au 30 usiowajua na ambao hawakujui. Ndiyo maana biashara ya mfugaji na mfanyabiashara ina kanuni zaidi ya ile ya jirani na jirani.

Makala haya yanaeleza kanuni hizo kwa mpangilio: nani anazisimamia, zinahusu nini, na zina maana gani kwa mfugaji wa Bonde la Kilombero. Yasome na kalamu mkononi.

2. Sheria, kanuni na sheria ndogo

Watahiniwa wengi huyachanganya maneno haya matatu. Yatofautishe hivi:

Sheria hutungwa na Bunge. Mfano ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009.

Kanuni hutungwa na Waziri kwa mamlaka anayopewa na sheria iliyokwishapitishwa. Sheria husema jambo kwa jumla, kanuni hueleza litekelezwe vipi.

Sheria ndogo hutungwa na halmashauri kwa ajili ya eneo lake. Kwa kuwa Michenga ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, mfugaji wa huko anaguswa na sheria ndogo za mji huo, kwa mfano zinazohusu ufugaji katika maeneo ya makazi, usafi wa mazingira na ushuru wa soko.

Kumbuka: sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya nchi. Na jambo lililo halali katika halmashauri moja linaweza kuwa na masharti tofauti katika halmashauri ya jirani. Kabla ya kujenga banda, uliza kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji chako.

3. Nani anasimamia nini?

Mfugaji wa mayai hukutana na ofisi zifuatazo:

(i) Afisa mifugo wa kata. Huyu ndiye mtu wa kwanza wa kumfahamu. Hushauri kuhusu chanjo, magonjwa, dawa na vibali vya kusafirisha mifugo na mazao yake.

(ii) Afisa afya. Hukagua usafi wa mahali chakula kinapouzwa, kinapohifadhiwa na kupikwa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu hiyo. Mara nyingi hakuanzii wewe. Humwanzia mteja wako, yaani mwenye mgahawa, kisha huuliza mayai yametoka wapi.

(iii) Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Zamani usalama wa chakula ulisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Tangu Julai 2019 jukumu hilo limehamia TBS, na iliyokuwa TFDA imebaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo mtahiniwa anayeandika kwamba TFDA ndiyo inayosimamia chakula ameandika habari za zamani. Siku utakapoanza kufungasha mayai kwenye boksi lenye jina la biashara yako, TBS ndipo pa kuuliza masharti ya usajili na lebo.

(iv) Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hutoa namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN) bila malipo na husimamia kodi.

(v) Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Mayai ya kuku wa kisasa ukiyaita ya kienyeji ili upate bei kubwa, umemdanganya mnunuzi.

4. Kanuni za afya ya kuku

Yai salama huanzia kwa kuku mwenye afya. Hapa kuna mambo manne ya kushika.

Kwanza, chanjo. Ugonjwa unaomaliza kuku wengi vijijini ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Hauna tiba. Kinga yake ni chanjo. Ipo chanjo ya I-2 inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine, na hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) huko Kibaha. Hutolewa kwa tone moja katika jicho la kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa bonde lenye joto kama letu, ambako si kila kaya ina jokofu, sifa ya kuvumilia joto ina maana kubwa. Hata hivyo kuvumilia joto si kuwekwa juani. Ibebe mahali penye ubaridi na kivuli.

Pili, kuku wageni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika ufugaji, kamba hiyo ni banda la pembeni. Kuku uliowanunua mnadani au uliopewa na ndugu wasichanganywe na kuku wako hadi wiki mbili zipite na uone kwamba ni wazima.

Tatu, chanzo cha vifaranga. Mwaka 2006 Serikali ilizuia uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka nje kwa hofu ya mafua ya ndege. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali viliteketezwa huko Namanga. Wapo waliokilaumu kitendo hicho kwa ukali wake, lakini funzo kwa mfugaji ni moja: kifaranga cha bei nafuu kisicho na karatasi kinaweza kukugharimu fedha zako zote. Nunua kwa mtotoleshaji anayetambulika na utunze stakabadhi.

Nne, kutoa taarifa. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, sheria inakutaka umwarifu afisa mifugo. Kuwauza haraka walio hai na kugawa mayai kwa bei ya kutupa ni kusambaza ugonjwa kwa majirani. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina, isitupwe mtoni wala kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga.

5. Dawa na kipindi cha kusubiri

Sehemu hii isome mara mbili. Ndiyo inayovunjwa zaidi na ndiyo yenye madhara yasiyoonekana kwa macho.

Kuku anapopewa dawa ya kuua bakteria, sehemu ya dawa hiyo huingia katika mayai. Yai litaonekana zima, litanukia vizuri na litapikika vizuri, lakini ndani yake kuna masalia ya dawa. Kupika hakuyaondoi yote. Watu wakila masalia hayo mara kwa mara, bakteria hujenga usugu, na siku mtu akiugua kweli, dawa iliyokuwa ikimponya haitamponya tena. Wengine hupata mzio.

Kwa sababu hiyo kila dawa ina kipindi cha kusubiri, yaani idadi ya siku ambazo mayai hayapaswi kuuzwa wala kuliwa. Idadi hiyo huandikwa kwenye lebo. Dawa nyingine hazifai kabisa kwa kuku wanaotaga, na lebo husema hivyo pia.

Zingatia: siku za kusubiri huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, si dozi ya kwanza. Mfano, dawa inatolewa kwa siku 5 na lebo inasema usubiri siku 7. Mayai ya siku 5 za dawa hayauzwi, na ya siku 7 zinazofuata hayauzwi. Jumla ni siku 12. Mtahiniwa anayejibu "siku 7" amesahau siku za dozi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichunguza mayai ya wafugaji wadogo wa Manispaa ya Morogoro, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Walikuta masalia ya dawa katika mayai. La kusikitisha zaidi ni kwamba wafugaji wengi walioulizwa walikijua kipindi cha kusubiri. Walichoogopa ni hasara. Maana yake ni kwamba tatizo halikuwa ujinga. Lilikuwa hesabu ya mfukoni. Katika sehemu ya 8 tutaipiga hesabu hiyo ili tuione kwa namba.

6. Kanuni za usafi na utunzaji wa yai

Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo hupitisha hewa. Juu ya ganda kuna utando mwembamba unaozuia bakteria kuingia. Ukielewa mambo haya mawili, kanuni zote zinazofuata zitakuwa rahisi kukumbuka.

(a) Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku. Yai linalokaa kiotani huchafuka, huvunjika au huatamiwa.

(b) Weka matandazo makavu kiotani. Makapi ya mpunga yanapatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa za Ifakara. Hakikisha tu hayana ukungu.

(c) Usioshe mayai ya kuuza kwa maji baridi. Maji huondoa utando, na ubaridi hukifanya kilichomo ndani kisinyae na kuvuta uchafu kupitia vitundu. Yai lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu na safi. Lililochafuka sana lisiuzwe.

(d) Yai lenye ufa lisiende kwa mteja hata kama ni la bei ya chini. Ufa ni mlango wa bakteria wa Salmonella, ambao huleta homa, kuharisha na kutapika. Kwa mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, hali hiyo inaweza kuwa ya hatari.

(e) Panga mayai kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini, ili mfuko wa hewa ubaki juu.

(f) Hifadhi mahali penye ubaridi na hewa, mbali na jua, mafuta ya taa, vitunguu na mbolea. Yai hunyonya harufu.

(g) Usirudishe bandani trei za karatasi zilizotoka kwa mteja. Trei hiyo imepita katika mabanda na masoko usiyoyajua na inaweza kurudi na kideri. Trei za plastiki zioshwe kwa dawa na kukaushwa.

(h) Mayai ya kula yasirutubishwe. Tenga majogoo na mitetea inayotaga kwa ajili ya biashara. Hapa Bonde la Kilombero, ambako joto la mchana ni kali kwa miezi mingi, yai lenye mbegu huanza kukuza kiini-tete likiwa bado kwenye trei. Mpishi akilivunja na kukuta mishipa ya damu, hatanunua tena kwako.

Kwa joto letu, lenga kuyauza mayai ndani ya wiki moja tangu yatagwe. Yaliyotangulia kutagwa yatangulie kuuzwa.

Ukitaka kujua hali ya yai bila kulivunja, limulike kwa tochi gizani. Yai jipya lina mfuko mdogo wa hewa na kivuli cha kiini kisichocheza sana. Yai viza huonekana jeusi au lenye madoa.

7. Kumbukumbu, na kwa nini mteja ajue yai limetoka wapi

Desemba 1988, naibu waziri wa afya wa Uingereza, Edwina Currie, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo imeathiriwa na Salmonella. Mauzo yalianguka kwa ghafla, yeye akajiuzulu, na wafugaji walioathirika ni pamoja na wale ambao kuku wao walikuwa wazima. Leo yai linalouzwa katika maduka ya huko hupigwa mhuri wa namba na herufi zinazoonyesha kuku alifugwaje na katika shamba gani. Tatizo likitokea, hutafutwa shamba husika, wala si wafugaji wote wanaoadhibiwa.

Wewe huhitaji mhuri wa namna hiyo kumuuzia muuza chipsi wa Kibaoni au Viwanja Sitini. Lakini unaweza kuandika kwa kalamu ubavuni mwa trei: jina la mfugaji, kata, na tarehe ya kutagwa. Kisha uwe na daftari lenye safu sita:

tarehe, mayai yaliyookotwa, mayai yaliyovunjika, mayai yaliyouzwa na kwa nani, fedha iliyopokelewa na inayodaiwa, dawa au chanjo iliyotolewa na siku ya mwisho ya kusubiri.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo litakusaidia mbele ya afisa mifugo, mbele ya TRA, mbele ya mkopeshaji na mbele ya mteja anayedai umempa mayai mabovu.

8. Hesabu ya mradi mdogo

Tuchukulie mfugaji wa Michenga ana mitetea 60 ya kisasa, na kwa wastani mitetea 75 kati ya kila 100 hutaga kwa siku. Tuchukulie pia kwamba trei ya mayai 30 anaiuza shilingi 9,000, chakula ni shilingi 1,100 kwa kilo, na kila kuku hula gramu 120 kwa siku. Bei hizi ni za mfano tu. Weka bei za kwenu unapofanya zoezi.

Mayai kwa siku: 60 × 75 ÷ 100 = 45, sawa na trei moja na nusu.
Mauzo kwa siku: 1.5 × 9,000 = shilingi 13,500.
Chakula kwa siku: 60 × 0.12 = kilo 7.2, 7.2 × 1,100 = shilingi 7,920.
Kinachobaki kwa siku kabla ya chanjo, usafiri, matandazo na kazi: 13,500 − 7,920 = shilingi 5,580.
Mauzo kwa mwaka: 13,500 × 365 = shilingi 4,927,500.

Hesabu hii ina mafunzo mawili.

La kwanza ni la kodi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 halipi kodi ya mapato chini ya utaratibu wa makadirio. Mfugaji wetu ana kuku 60 tu, lakini mauzo yake yamevuka kiwango hicho. Angalia neno "mauzo". Kiwango hicho hakipimwi kwa faida. Viwango vya kodi hurekebishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo vithibitishe katika ofisi ya TRA kabla ya kuanza. Anayetunza kumbukumbu huwa na nafasi nzuri ya kukadiriwa kwa haki kuliko anayekisia.

La pili ni la dawa. Kipindi cha kusubiri kikiwa siku 7, mfugaji huyu hupoteza mauzo ya 7 × 13,500 = shilingi 94,500, wakati kuku wanaendelea kula. Hasara hiyo inauma, na ni uongo kusema haiumi. Sasa ilinganishe na hasara nyingine. Kwa wiki anatoa trei 10.5. Ikiwa zote huchukuliwa na mgahawa mmoja, na mgahawa huo ukaacha kununua kwake kwa wiki 13 kwa sababu wateja waliugua, atakosa 13 × 94,500 = shilingi 1,228,500 asipopata mnunuzi mwingine. Hapo hatujataja waliougua. Njia ya kupunguza hasara ni kuzuia ugonjwa kwa chanjo na usafi, kutenga kuku wagonjwa mapema, na kuweka akiba kidogo kila wiki kwa ajili ya siku za kusubiri.

9. Makubaliano na mteja

Biashara nyingi za mayai huanza kwa mdomo: "Niletee trei tatu kila Jumatatu." Chini ya Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Ugumu wake ni ushahidi. Siku mkitofautiana, kila mmoja atakumbuka kinachomfaa. Karatasi moja inatosha, ikiwa na mambo haya:

majina na sahihi za pande mbili. Idadi ya trei na siku ya kupeleka. Bei na lini inaweza kubadilishwa. Ukubwa na hali ya mayai. Nani anabeba hasara ya yaliyovunjika njiani. Malipo ni papo kwa papo au baada ya siku ngapi. Shahidi mmoja kila upande.

Hapa kuna jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Sheria inataka mwenye kuingia mkataba awe mtu mzima mwenye akili timamu, na utu uzima huanza miaka 18. Watahiniwa wengi wa kidato cha nne wana miaka 16 au 17. Kama mradi ni wako lakini hujafika umri huo, makubaliano yatiwe sahihi na mzazi au mlezi. Usione aibu. Usipofanya hivyo, mteja mwenye deni anaweza kukuambia huna mkataba naye.

Malipo yakifanyika kwa simu, usiridhike na ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako kwanza, kisha ukabidhi trei. Ujumbe wa malipo usiufute, kwa kuwa nao ni kumbukumbu. Deni likishindikana, anza na usuluhishi katika ofisi ya mtendaji. Likishindikana kabisa, Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya aina hiyo.

10. Kuuza nje ya eneo

Kupeleka mayai kutoka Michenga hadi mjini ni safari ndani ya halmashauri moja. Ukivuka Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero kwenda Lupiro au Mahenge, umeingia Wilaya ya Ulanga. Kanuni za mwaka 2007 za kudhibiti usafirishaji wa wanyama na mazao yao, zilizotungwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, zinahitaji kibali kwa mzigo unaotoka eneo moja kwenda jingine. Muulize afisa mifugo kabla ya safari. Ukisubiri hadi kizuizini, utakuwa umechelewa, na mayai hayavumilii kusubiri juani.

11. Kuungana

Mgahawa mkubwa au shule ya bweni huenda ikahitaji trei 40 kwa wiki, na mfugaji mmoja mwenye kuku 60 hawezi. Wafugaji wanne wanaweza. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Lakini kikundi kina hatari yake. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwanakikundi mmoja akiuza mayai ndani ya kipindi cha kusubiri, mteja hatamlaumu yeye peke yake. Atavunja makubaliano na kikundi kizima. Kwa hiyo kila trei ibaki na jina la aliyeileta, na daftari la dawa la kila mmoja lisomwe kwenye mkutano.

12. Muhtasari

Mfugaji mdogo ajue sheria ndogo za halmashauri yake, achanje kuku, asubiri siku zote zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, auze mayai safi, mazima na mapya, aandike kumbukumbu, awe na makubaliano ya maandishi, ajue mauzo yake ya mwaka, na aombe kibali anapovuka mpaka wa wilaya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya sheria, kanuni na sheria ndogo. Toa mfano mmoja wa sheria uliotajwa katika makala.
2. Kwa nini mayai ya kuuza hayapaswi kuoshwa kwa maji baridi? Toa sababu mbili.
3. Mfugaji alianza kuwapa kuku dawa tarehe 3 Machi na kumaliza tarehe 6 Machi. Lebo inasema usubiri siku 10. Mayai ya kuanzia tarehe ngapi yanaweza kuuzwa?
4. Mfugaji ana mitetea 40 na hutaga 30 kati yao kwa siku. Trei ni shilingi 10,000. Kokotoa mauzo yake ya mwaka, kisha eleza kama yamezidi shilingi 4,000,000.
5. "Tatizo halikuwa ujinga. Lilikuwa hesabu ya mfukoni." Eleza maana ya kauli hii kwa maneno yako mwenyewe.
6. Fupisha sehemu ya 9 kwa maneno yasiyozidi 60.
7. Wewe ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa kuku wa Michenga. Mwandikie barua afisa mifugo wa kata ukimwomba aje kutoa mafunzo ya chanjo na matumizi ya dawa.

Mwongozo wa majibu

Swali la 3: dozi ya mwisho ni tarehe 6, siku 10 za kusubiri ni tarehe 7 hadi 16. Mayai yatakayotagwa kuanzia tarehe 17 Machi ndiyo yanayoweza kuuzwa. Ukijibu tarehe 14, umehesabu kuanzia dozi ya kwanza.

Swali la 4: mayai 30 ni trei 1, hivyo 10,000 × 365 = shilingi 3,650,000. Hayajazidi. Onyesha njia, kwa kuwa jibu tupu halipati alama zote.

Swali la 5: usirudie maneno ya makala. Eleza kwamba wafugaji waliijua kanuni lakini waliivunja kwa kuogopa kupoteza fedha, kisha taja aliyebeba gharama ya uamuzi huo, yaani mlaji.

Swali la 7: barua rasmi ina anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha habari, kiini, mwisho wa barua, sahihi, jina na cheo. Wengi hupoteza alama kwa kusahau cheo. Katika kiini taja idadi ya wanakikundi, tatizo mnalolipata, siku mnayopendekeza na mahali pa kukutania. Afisa mwenye kata nzima mikononi mwake humjibu haraka zaidi aliyesema anataka nini, lini na wapi.